Robert Knox, mateka aliyekuja kununua watu

Nimekesha tena na habari za Robert Knox, nahodha wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, na bado sijui nimweke upande gani.

Mwaka 1660 alikuwa kijana wa miaka 19 katika merikebu ya baba yake iitwayo Anne. Dhoruba ilikuwa imewavunjia mlingoti, wakaingia ghuba ya Kottiar, Ceylon (Sri Lanka ya leo), ili watengeneze mwingine. Watu wa mfalme Rajasinha wa Kandy, ufalme wa kisiwani humo, wakawakamata. Kijana akatumwa merikebuni kupeleka ujumbe, baba akimtaka arudi. Naye akarudi! Bahari iko wazi mbele yake, mabaharia wapo, akashuka tena pwani kwenda kufungwa na mzee wake. Hapo nilisema kwa sauti: huyu kalelewa.

Februari 1661 homa ikamuua baba. Mwana, naye mgonjwa, akamzika kwa msaada wa kijana wao mtumishi. Miaka ikaenda. Alifuma kofia akauza, akafuga nguruwe na kuku, akakopesha mpunga: ukichukua vibaba viwili unarudisha vitatu. (Mfanyabiashara ni mfanyabiashara tu, hata kifungoni.) Siku moja mzee mmoja wa huko akatokea na Biblia ya Kiingereza. Knox alikuwa tayari kumwaga fedha yote aliyokuwa nayo. Akaipata kwa kofia moja ya kufuma. Mwaka 1679 yeye na mwenzake Stephen Rutland, wakijifanya wachuuzi, walitoroka kwa kufuata mto msituni hadi ngome ya Waholanzi ya Arippu. Zaidi ya miaka 19 ilikuwa imekwisha.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Kampuni ikamkabidhi merikebu Tonqueen Merchant, na mwaka 1684 ikamtuma Madagaska kununua watumwa wa kupeleka kisiwa cha St Helena, katika bahari ya Atlantiki. Akaenda. Nimejaribu kumtafutia udhuru: ametumwa, ndivyo dunia yao ilivyokuwa, naye ana tumbo la kulisha. Hauniingii. Mtu mwingine wa London angeweza kusema hajui kuzuiwa kwenye nchi ya watu kukoje. Yeye alijua, tena alikwisha kukiandikia kitabu kizima kifungo chake, kikachapwa mwaka 1681 na kusomwa sana.

Huko St Helena, akiwa nchi kavu, mabaharia wake waliasi, wakatweka matanga na kumwacha kisiwani. Nilicheka peke yangu, na sijutii.