Sitapu 200 kila usiku, na kiuno kikanishika ngazini

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilipiga sitapu 200 kila usiku kabla ya kuoga. Mkeka sebuleni, miguu chini ya kochi, 50 mara nne. Tumbo likakaza, mistari ikaonekana, na aliyeniuliza nimefanyaje nilimpa hesabu hiyo hiyo.

Siku moja dada yangu akaniomba nimpandishie mtungi wa gesi ghorofa ya tatu. Ulikuwa ule wa kilo 15, lakini kilo 15 ni gesi peke yake. Ukijumlisha na chuma chake unabeba kama kilo 30. Niliukamata kwa mkono wa kulia. Kwenye kona ya ghorofa ya pili nikageuka kumpisha mtoto aliyekuwa anashuka, na hapo kiuno kikashika. Ilikuwa kama kamba imevutwa ghafla upande wa kushoto. Miguu iliisha nguvu, nikautua mtungi kwenye ngazi, nikakaa nimeukumbatia.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinipima akasema pingili ziko salama, ni msuli umevutika. Halafu akaniuliza, "Kaka, tumbo lako umelifundisha kazi gani?" Nikamwambia sitapu. Akauliza tena ni mzigo gani niliwahi kuubeba kwa kujikunja namna ile. Sikuwa na jibu. Ukiwa na mzigo mkononi au begani, kazi ya tumbo ni kuuzuia mgongo usipinde wala usizunguke. Mimi nilikuwa nimelifundisha kujikunja, mara 6,000 kwa mwezi.

Nilipopata nafuu nilikwenda kwenye jimu moja ya uani huku Temeke. Vyuma vyake ni mabomba na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Tuliyapima kwenye mizani ya jirani anayenunua vyuma chakavu: kopo la lita 4 linakaribia kilo 10, ndoo ya lita 10 ni kilo 24 hivi, na ya lita 20 inafika 48. Hayalingani sawasawa. Moja likimzidi mwenzake nusu kilo tu, bomba linalalia upande mmoja na ubavu unaanza kufanya kazi hapo hapo.

Kocha wetu zamani alikuwa kuli bandarini. Alinikataza sitapu kwa miezi mitatu, na wiki ya kwanza hata chuma sikushika. Alisimama nyuma yangu, akaniwekea vidole viwili kila upande, juu kidogo ya mfupa wa nyonga. "Mwanangu, usivute tumbo ndani. Shusha pumzi chini, halafu visukume vidole vyangu." Maisha yangu yote nilijua kukaza tumbo ni kulivuta ndani. Ilinichukua siku nne kuelewa. Pumzi ikishuka, kiwambo (ule msuli ulio chini ya mapafu) kinabonyea, misuli ya tumbo inabana kuzunguka pande zote mpaka mgongoni, na kiwiliwili kinakuwa kigumu kama tairi lililojaa upepo. Uti wa mgongo unapata wa kuushikilia. (Mwenye presha asiibane pumzi hivyo. Kocha mwenyewe ana presha, na kila akinyanyuka anaitoa taratibu kwa mdomo.)

Tulianza na skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama, ya bomba tupu begani, kisha dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka chini, ya ndoo mbili za lita 10, kisha kusukuma chuma juu ya kichwa nikiwa nimesimama. Hili la mwisho ndilo lililonichosha tumbo kuliko yote. Hakuna benchi la kuegemea. Ukilegea kidogo mbavu zinafunguka, kiuno kinapinda nyuma, na chuma kinakuonyesha ulipo udhaifu wako. Kila mwezi tuliongeza kidogo, tukifunga makopo ya lita 4 pembeni ya ndoo. Mwezi wa saba nilinyanyua ndoo mbili za lita 20 kutoka chini, mara tano, karibu kilo 100 na bomba lake. Maumivu ya kiuno yalikuwa yameisha kabisa.

Wakati huo nilikuwa naamini, na kumwambia kila mtu, kwamba mazoezi ya viungo vingi kwa pamoja, kama skwati na dedilifti, yanatosha na haya ya msuli mmoja mmoja ni kupoteza jasho. Sasa siamini hivyo. Jioni moja nilining'inia kwenye bomba la mlangoni nipandishe miguu iliyonyooka. Nilifanya tatu, ya nne ilikuwa bembea. Mtu wa kilo 100 za dedilifti! Baadaye nilielewa kwa nini. Waliopima umeme wa misuli wakati wa skwati na dedilifti wameona kwamba inayofanya kazi kubwa ni ile ya mgongoni, inayopita sambamba na uti. Msuli wa mbele wa tumbo unapata sehemu ndogo. Kwa hiyo mazoezi hayo yalinipa mgongo imara na namna ya kubana pumzi, ila mbele paliachwa nyuma.

Sikurudi kwenye sitapu 200. Niliongeza mazoezi matatu mwishoni mwa siku za vyuma, mara tatu kwa wiki. La kwanza ni huko kuning'inia: nilianza na magoti, seti 3 za 8, hadi miguu ikanyooka. La pili ni lile la kulala chali, mikono na magoti juu kama mende, unanyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili bila kiuno kuachana na sakafu. Linaonekana jepesi mpaka ulifanye polepole.

La tatu ndilo ninalolipenda: dumu la lita 20. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo huhitaji mizani. Unalishika kwa mkono mmoja, mwingine mtupu, unatembea hatua 40 ukiwa umesimama wima kama hukushika kitu. Misuli ya ubavu wa upande mtupu inawaka moto, kwa sababu ndiyo inayokuzuia usilalie kwenye dumu. Nikilibeba ndipo naukumbuka ule mtungi: mzigo upande mmoja, mwili unageuka. Hakuna hata sitapu moja katika zile zangu iliyowahi kuniandaa kwa hilo.

Mistari ya tumbo kwa kweli imepungua, maana siku hizi nakula zaidi, na sitapu hazikuwahi kuchoma mafuta ya tumboni peke yake. Siihangaikii. Mwezi uliopita dada aliishiwa gesi, nikaupandisha mtungi hadi juu na pale kwenye kona nilibadilisha mkono. Upande wa kulia sasa unabeba dumu lililojaa bila kuyumba. Wa kushoto bado unalemewa hatua za mwisho, kwa hiyo wiki hii nimelipunguza hadi lita 17.