Nilivyonyoosha rekodi za moto kichaa huku Iringa

Kama uko kwenye misitu na umeambiwa utengeneze ramani ya hatari ya moto kichaa, jiandae kuzama kwenye madaftari. Mi nilikuta rekodi za vijiji, wilaya na mashamba ya miti, kila mtu na uandishi wake, na zote mtu ashazimwaga kwenye Excel moja akaondoka zake.

Nilianza na masaa. Moto kibao ulionekana umewaka saa 2 asubuhi, sasa mwezi wa tisa ni kiangazi sawa, ila Mufindi asubuhi ile nyasi zina umande na baridi ya kufa mtu, moto gani huo unakimbia? Nikaomba kaunta buku lenyewe. Mzee aliyeshika daftari kaandika "saa 8 moto umevuka korongo", yaani saa nane mchana, aliyeingiza kwenye kompyuta kaweka 08:00. Data za setilaiti za NASA nazo (FIRMS, ni bure) zinakuja kwa saa za GMT so unaongeza masaa 3. Nilivyonyoosha zote mbili mambo yakakaa, vidoti vya VIIRS (kihisi cha setilaiti kinachonasa joto la moto) vya kama saa saba na nusu mchana viko upande wa huku wa korongo, vya usiku viko ng'ambo. Mzee alikuwa sahihi kabisa.

Koodineti nazo ni balaa. Mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita Kilolo, kwa hiyo kwenye UTM (koodineti za mita, dunia imegawanywa kwa zoni) mkoa huu uko zoni mbili, 36 na 37, na mtu asipoandika zoni moto wake unaangukia mamia ya kilomita kutoka ulipowaka. Afu kuna za ramani za zamani za Arc 1960 (mfumo wa vipimo wa zamani), ukizisoma kama WGS84, mfumo wa GPS, zinahama kama mita 300 hivi, yaani moto wa shamba la mahindi unahamia msitu wa hifadhi na watu wanaanza kulaumiana bure.

Moto mmoja ulioandikwa na vijiji vitatu niliunganisha kwa tarehe na ukaribu wa vidoti, nikibaki na wasiwasi napiga simu kwa mtu wa kamati ya maliasili. Kwenye chanzo kila mahali ni "warina asali", hamna anayekubali alikuwa anaandaa shamba, so nikaongeza safu ya "umejuaje".

Ila kilichobadilisha ramani yenyewe ni sehemu zisizo na kitu. Kuna tarafa ilikuwa nyeupe pee, haina moto hata mmoja, wakati kwenye setilaiti inawaka kila mwaka. Kumbe aliyekuwa anaandika alihamishwa na hakuna aliyeshika daftari. Huku shamba la miti lina mnara na mlinzi, hata kimoto cha robo ekari kinaandikwa, basi ramani ya kwanza ilikuwa nyekundu kuzunguka minara tu! Nikatengeneza jedwali la pembeni, kila eneo kila mwezi, je kulikuwa na mtu anaandika? Kama hayupo naweka "hatujui", siweki sifuri. Vile vimoto vya mnarani sikuvitupa, maana pikseli (kipande kimoja cha picha) ya VIIRS ni mita 375 na ya MODIS, kihisi cha zamani zaidi, ni kilomita 1, na kinachowaka na kuzimika kabla setilaiti haijapita hakionekani kabisa.

Na msichanganye MODIS na VIIRS mkahesabu vidoti kwa mwaka, VIIRS imeingia 2012 na inaona vidogo zaidi, utadhani mwaka ule wananchi walichizi na viberiti.

Siku hizi mtendaji wa kijiji anatuma pini ya Wotsapu na picha, na mwezi ukipita salama anaandika "hamna moto", hiyo ndo nilibishana nayo sana maana wanaona ni kupoteza muda. Wengine bado wananitumia voisi noti za dakika tano, nasikiliza hivyo hivyo, naandika.