Kumpenda Yesu huku unaishi na wasioamini

Kuna watu wakiokoka tu wanakata marafiki wote, simu hawapokei, eti wamejitenga na dunia, mi hilo nalipinga kabisa. Paulo kwenye 1 Wakorintho 5 anasema wazi hakumaanisha tusichangamane na wazinzi na waabudu sanamu wa dunia hii, maana hapo ingebidi tutoke duniani! Na sura ya 10 anasema asiyeamini akikualika chakula na unataka kwenda, basi nenda, kula ulichowekewa bila kuulizauliza.

Ila sasa mfikirie Danieli, yuko kwenye serikali ya wapagani, maadui wakamtafutia kosa kazini wakakosa, na bado mara 3 kwa siku anapiga magoti madirisha yakiwa wazi. Wala hatusomi popote kwamba alikuwa anawahubiria wenzake kila dakika mpaka wamkimbie (hili jamani tuliangalie sana).

Kwa hiyo mi kazini nacheka nao, wakifiwa naenda, wakiugua nawaona, umbea ukianza naondoka taratibu bila kununa, na muda wangu wa maombi hata wanibembeleze vipi siuachii.