Mama na Sindano ya UVIKO

Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani Ikulu jijini Dar es Salaam, mama yangu alikuwa mbele ya televisheni akichambua mchele, na hakusema neno. Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tukihimizana kujifukiza, na hayati John Magufuli alikuwa ameitilia shaka chanjo waziwazi, hivyo sikushangaa aliponiambia, “Mwanangu, ngoja kwanza niwaone wenzangu.”

Alisubiri wiki tatu. Aliyembadilisha si mimi, niliyejiona msomi, bali jirani yetu muuza vitumbua, aliyechanjwa Ijumaa na Jumamosi alfajiri akawa jikoni kama kawaida.

Kituoni tulikuta benchi limejaa na maneno mengi: mmoja aliapa kwamba sindano inaua uzazi, na mama, mwenye miaka 67, akamjibu kwamba yeye huo uzazi alishaufunga zamani. Watu walicheka, na nadhani kicheko kile kilifanya kazi kuliko mabango yote ukutani. Tulisaini fomu ya ridhaa, tukachomwa chanjo ya Janssen, ambayo ilikuwa ya dozi moja tu, kisha tukaambiwa tukae kidogo tuangaliwe.

Usiku ule mimi ndiye niliyetetemeka kwa homa hadi asubuhi. Mama alilalamikia bega tu, akaniletea uji, na kadi yake ya chanjo akaifunga kwenye pindo la khanga, pamoja na fedha zake za sokoni.