Sunderland ya Msimbazi na Sunderland ya huku

Watu wa hapa wakiniuliza nilianza lini kuipenda Sunderland, huwaambia kabla sijazaliwa. Mimi ni wa Simba, klabu ya Msimbazi, Dar es Salaam, na Simba mpaka mwaka 1971 ilikuwa inaitwa Sunderland. Babu yangu pale Ilala hakulibadilisha jina lile mdomoni. Timu ikiwa na mechi, yeye alikuwa anasema "leo Sunderland wanacheza", na sisi wajukuu tulijua ni Mnyama, yaani Simba.

Kazi ndiyo iliyonileta mji wa Sunderland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Natunza wazee, mara nyingi zamu za usiku. Msimu wangu wa kwanza wa baridi kulikuwa na babu mmoja aliyewahi kuchimba makaa ya mawe katika mgodi wa Wearmouth. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1993, na mahali pale pale wakajenga Stadium of Light, ambako Sunderland ya huku ilihamia mwaka 1997. Usiku mmoja usingizi ulimkataa, nikamhadithia Sunderland ya Kariakoo, nyekundu na nyeupe kama ya kwao. Akanishika mkono, akataka nimwandikie kwenye karatasi: jina, mji, mwaka. Karatasi ile ilikaa ukutani juu ya kitanda chake mpaka siku alipofariki.

Mtani wangu anaishi Newcastle, mwendo wa treni ya Metro kutoka kwangu. Ni Yanga wa damu, wapinzani wetu wa jadi, kazaliwa nyuma ya Jangwani yalipo makao yao, na kama desturi ya watani, mimi niliposhika Sunderland yeye akashika Newcastle, wapinzani wa Sunderland. Jumapili tukiwa wote hatuna zamu anakuja kwangu, tunasonga ugali, na ubishi unaanza kabla maji hayajachemka.

Hoja yake haijabadilika tangu tujuane: mpira ni pesa. Anaanza na tarehe 7 Oktoba 2021, siku mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia na wenzake walipoinunua Newcastle kwa pauni milioni 305. Kisha anakwenda Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, 16 Machi 2025, Newcastle 2 Liverpool 1, kombe la kwanza la nyumbani tangu mwaka 1955. Halafu anavuka bahari kurudi Dar: kampuni ya GSM imeingia kufadhili Yanga, Hersi Said akachaguliwa rais wa klabu mwaka 2022, Yanga ikabeba ligi mara nne mfululizo mpaka 2025. Na ile Novemba 5, 2023 haisahau hata siku moja. Mkono. Yanga tano, Simba moja. Nilikuwa nimetoka kazini asubuhi, sikulala ili niione mechi ile, na jioni nilirudi zamu nikiwa sina neno la kumwambia mtu.

Hapo nami namkumbusha Mei 6, 2012, Simba tano, Yanga bila, tunaendelea kula.

Kuna sehemu siwezi kumbishia. Simba nayo ilibeba ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18, na fedha za tajiri wetu Mo Dewji zilikuwa nyuma ya vikosi vile. Tulikuwa na Chama, tulikuwa na Miquissone, tukiwafunga wakubwa wa Afrika pale uwanja wa Mkapa. Atakayesema tulishinda kwa nyimbo za mashabiki peke yake anadanganya.

Ninachokikataa ni kwamba ukishampata tajiri basi kazi imekwisha. Namuuliza kuhusu timu yake mwenyewe. Wamiliki wa Newcastle wana fedha ambazo hakuna klabu Uingereza inaweza kushindana nazo, lakini Juni 2024 waliwauza Elliot Anderson, kijana wa pale pale, na Yankuba Minteh wa Gambia, kwa sababu sheria za ligi wakati ule hazikuruhusu klabu kupata hasara ya zaidi ya pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Mwaka uliofuata mshambuliaji wao Alexander Isak akagoma, akaenda Liverpool kwa pauni milioni 125. Tajiri yupo, mfungaji kaondoka.

Na huku kwetu? Sunderland ilishuka ligi kuu mwaka 2017, mwaka uliofuata ikashuka tena, ikakaa daraja la tatu misimu minne. Siku moja baada ya Krismasi ya 2018 watu 46,039 walikwenda kuwatazama wakicheza na Bradford City. Daraja la tatu! Kila nikiiwaza namba ile nawakumbuka watu wa Msimbazi. Februari 2021 akaja Kyril Louis-Dreyfus, umri miaka 23, kutoka familia tajiri, baba yake aliwahi kumiliki Marseille. Angeweza kununua majina makubwa. Akanunua vijana, akawapa muda, akawauza kwa faida. Mei 2025 timu ikapanda kwa goli la dakika za nyongeza pale Wembley, na hapo ndipo pochi ilipofunguka: Granit Xhaka kuongoza kati, Noah Sadiki anayechezea Kongo, Reinildo wa Msumbiji. Kila mmoja unaona kaletwa kuziba nafasi gani.

Hicho ndicho nakitamani Simba. Naumia dirisha likifunguliwa tunashangilia ndege imetua na mchezaji kavishwa skafu, halafu msimu ukiisha tunaanza upya na sura mpya. Chama tulimwacha akavuka kwenda Jangwani Julai 2024. Mwaka 2025 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane ya Morocco, tukapoteza, na badala ya kuuliza tumepungukiwa beki au kiungo, nusu ya mazungumzo ya mashabiki ilikuwa tajiri atatoa kiasi gani.

Swali la pili ni la umiliki. Tulikubali asilimia 49 ya klabu iwe ya Mo, thamani shilingi bilioni 20, wanachama tukabaki na 51. Wengi wa huku Uingereza hawana hata hiyo. Shabiki wa Newcastle hakupiga kura klabu yake iliponunuliwa. Sisi tunayo kadi ya uanachama, na mtu mwenye kadi anapaswa kuuliza hesabu bila kuitwa msaliti. Nilimwambia mtani hivyo Jumapili moja, nikaongeza habari ya mwaka 2021, GSM walipotaka kudhamini ligi nzima na Simba tukakataa nembo yao, hadi wakajitoa Februari 2022. Mfadhili wa mpinzani wako asiwe pia mfadhili wa ligi, nikasema.

Akaweka kijiko chini. "Ndugu yangu, wewe hujawahi kutembeza bakuli."

Yusuf Manji, tajiri aliyekuwa mwenyekiti, aliondoka Yanga mwaka 2017. Msimu wa 2018/19 timu ya kocha Mwinyi Zahera ilikuwa inachangiwa na mashabiki, na mtani wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika Uingereza na anaishi chumba kimoja na watu watatu, alituma mchango mara mbili kutoka kwenye mshahara wake wa usafi. Anasema alikuwa akiogopa kufungua simu, asije akakuta wachezaji wamegoma. Ndiyo maana kwake tajiri ni pumzi. Nilimwelewa, na sijawahi tena kumwita mtumwa wa GSM.

Desemba 14, 2025 tulikaa pamoja kwenye kochi langu, dabi ya kwanza ya ligi kati ya miji yetu tangu 2016. Kipindi cha pili kimeanza tu, Nick Woltemade, mshambuliaji aliyesajiliwa kwa mamilioni wakati Isak anaondoka, akapiga kichwa mpira ukaingia golini kwake mwenyewe. Moja bila mpaka mwisho. Nilipiga kelele hadi nikapaliwa.

Nilimsindikiza kituoni. Jukwaa limejaa jezi nyekundu na nyeupe, watu wanaimba, yeye kimya na koti kafunga hadi kidevuni. Treni ilipokaribia akaniinamia sikioni.

"Januari dirisha linafunguliwa. Mnyama mnamleta nani?"

Nikamwambia tunahitaji beki wa kati. Akaingia, milango ikafungwa.