Wota pampu mpya imekaa, chini ni pakavu

Nimetoka chini ya gari sasa hivi. Mikono bado myeusi.

Maji ya rejeta yamekuwa yakipungua bila dalili ya wazi, na leo nikaamua kuyafuata mwenyewe. Nilisubiri injini ipoe kabisa (mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa na moto, maji yana presha na yanaunguza vibaya), kisha nikamulika tochi toka juu kwenda chini.

Rejeta kavu. Mipira kavu. Klempu zimekaza.

Halafu nikakiona: kitundu kidogo chini ya wota pampu (pampu inayozungusha maji ya kupoza injini), kina ukoko mweupe kama chumvi, na tone moja la kijani linaning'inia.

Kitundu kile kimewekwa makusudi. Sili ya ndani (inayozuia maji kuvuja) ikichoka, maji hutokea pale badala ya kuingia kwenye beringi. Yaani pampu yenyewe inakuonyesha kwamba imefika mwisho! Nimekitazama muda mrefu, na nimemheshimu sana aliyekibuni.

Pampu mpya, gasketi mpya, bolti nimezikaza kwa kupishana. Kulanti (dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji ya rejeta) nusu, maji yasiyo na chumvi nusu. Kulanti ya zamani nimeikinga yote kwenye beseni. Ni sumu, na mbwa na paka huweza kuilamba.

Injini imepata moto, feni imewaka, na hakuna hata tone.

Furaha niliyonayo jamani!

Nani hapa amewahi kubadilisha pampu mwenyewe? Hewa iliyobaki ndani ya njia za maji mliitoaje yote? Nipeni mbinu zenu.