Mkaguzi wa mionzi aanzie wapi?
Kwetu Mwanza, ambako Hospitali ya Bugando hutibu saratani kwa mionzi, usalama wa nyuklia si habari ya mbali. Mwaka 1975, utafiti ulioongozwa na Norman Rasmussen nchini Marekani ulionyesha kwamba mivujo midogo na makosa ya waendeshaji huchangia zaidi hatari ya kinu cha nyuklia kuliko kupasuka kwa bomba kubwa, tukio ambalo kanuni zililikazia macho. Ajali ya kinu cha Three Mile Island, huko huko Marekani, mwaka 1979, ikauthibitisha. Ndiyo maana naunga mkono ukaguzi unaofuata uzito wa hatari, ili chanzo cha mionzi ya tiba kichunguzwe mara nyingi kuliko eksirei ya meno, mradi (nalisisitiza hili) hesabu za uwezekano wa ajali zisiondoe kinga za tabaka kwa tabaka, yaani moja ikishindwa nyingine izuie, kwani hesabu hizo hupima tu makosa ambayo mtu ameshayafikiria.